Mpira, Burdizo au Kisu: Kuchagua Njia ya Kuhasi na Kukata Mkia wa Mwana-kondoo

Mfugaji anayeuliza kama ahasi kwa mpira (pete inayobana mfuko wa korodani) au kwa burdizo (koleo linalosaga mishipa bila kukata ngozi) mara nyingi ameshavuka swali zito kuliko hilo: je, mwana-kondoo huyu anahitaji kuhasiwa? Na huo mkia, una kosa gani hata uondolewe? Njia zote nitakazozilinganisha zinauma, na kila moja ina hatari zake. Kwa hiyo ulinganisho wa haki lazima uanze na chaguo la kumwacha alivyozaliwa, kisha ndipo tuingie kwenye vifaa.

Kumwacha dume au kumhasi

Dume asiyehasiwa hukua haraka zaidi na nyama yake huwa na mafuta machache, kwa kuwa homoni ya korodani hujenga misuli. Aliyehasiwa hukua polepole kidogo na kuanza kunenepa mapema. Ukiwa na hakika kwamba madume yako yatauzwa au kuchinjwa kabla ya kutimiza miezi 5 hivi, kuhasi ni kumuumiza mnyama na kujipunguzia uzito wa kuuza kwa wakati mmoja. Sioni sababu ya kufanya hivyo.

Ila kuna sharti. Dume wa miezi 4 au 5 tayari anaweza kumpa jike mimba, na hachagui kati ya mama yake na dada yake. Mtamba anayeshika mimba kabla mwili haujakomaa huzaa kwa shida, na wengine hufa wakizaa. Kama una zizi la pili imara na mtu wa kulichunga kundi la madume peke yake, waache. Kama kundi lote linakula na kulala pamoja mwaka mzima, au kama madume utakaa nayo hadi yafikishe mwaka, hasi. Dume aliyepevuka hupigana, hugonga watu, huacha kula majike yanapopata joto, na nyama yake inaweza kuwa na harufu nzito ambayo wanunuzi wengine hawaipendi.

Jambo moja husahaulika sana katika hesabu hii, nalo ni mawe ya mkojo. Mwana-kondoo aliyehasiwa akiwa mchanga hubaki na njia nyembamba ya mkojo, kwa kuwa homoni ya kuipanua haipo. Akinenepeshwa kwa nafaka na pumba, vyakula vyenye fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, chembechembe hugandamana na kuziba njia hiyo. Utamwona anajikamua, mkojo unatoka matone au hautoki kabisa, na asipotibiwa hufa ndani ya siku chache. Mwenye mpango wa kunenepesha kwa nafaka ahakikishe kalsiamu katika lishe ni kama mara 2 ya fosforasi, chumvi ipo na maji safi hayakatiki. Asipoweza kulisimamia hilo, mzani unarudi upande wa kuwaacha madume bila kuhasi na kuwauza mapema.

Ipo njia ya katikati ya kufupisha mfuko wa korodani. Korodani husukumwa juu hadi zishikamane na tumbo, kisha mpira hufungwa chini yake ili mfuko mtupu ukauke na kuanguka. Joto la mwili huharibu mbegu lakini homoni hubaki, kwa hiyo mnyama hukua kama dume. Kwa nyama ni njia nzuri. Kwa utulivu wa zizi haisaidii kitu, maana bado atapanda na kupigana, na wachache huendelea kuwa na uwezo wa kuzalisha. Usimchanganye na majike ukidhani umemaliza kazi.

Umri, kabla ya kifaa

Siku ya kuzaliwa si siku ya kuhasi. Mwana-kondoo huzaliwa bila kinga yake mwenyewe. Kinga yote huipata kwenye dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, na katika saa 24 za kwanza anahitaji takribani mililita 200 kwa kila kilo ya uzito wake. Wa kilo 4 atahitaji karibu mililita 800, na sehemu kubwa iwe imeingia ndani ya saa 6 za mwanzo. Mwana-kondoo mwenye maumivu hujilaza na kuacha kunyonya. Mama naye, hasa anayezaa kwa mara ya kwanza, anaweza kumkataa mtoto aliyeondolewa na kurudishwa akiwa na harufu ya dawa na mikono ya watu. Subiri saa 24 zipite, umwone amenyonya, tumbo limejaa na mama amemkubali.

Mwisho wa umri unaofaa hutegemea kifaa. Nchini Uingereza sheria inaruhusu mpira bila ganzi katika siku 7 za kwanza tu, na mwana-kondoo aliyepita miezi 3 huhasiwa na daktari wa mifugo peke yake, tena kwa ganzi. Mipaka hiyo ina mantiki popote pale: kadiri korodani zinavyokua ndivyo nyama ya kufa inavyokuwa nyingi, mishipa inavyonenepa na kidonda kinavyochelewa kupona.

Mpira na burdizo, ana kwa ana

Mpira ni pete ndogo nene inayopanuliwa kwa koleo lenye meno manne. Mfuko hupitishwa katikati, pete ikaachiwa juu ya korodani na chini ya chuchu ndogo za dume. Damu hukatika, nyama ya chini hufa, na baada ya wiki 3 hadi 6 mfuko hudondoka. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote, hakitoi damu, na mtu makini hukijua kwa muda mfupi.

Makosa yake huwa mawili. La kwanza ni korodani moja kuteleza na kubaki juu ya pete. Zipapase zote mbili kabla ya kuachia pete, kisha zipapase tena baada ya kuachia. Ukikuta moja tu, kata pete hapohapo na uanze upya. La pili ni pete iliyochakaa kwa jua au iliyokaa ghalani miaka. Pete iliyolegea huzuia damu kutoka lakini hairuhusu sehemu kufa upesi, hivyo mfuko huvimba, hubadilika rangi na kumtesa mnyama kwa siku nyingi. Pete hazigharimu kiasi cha kumfanya mtu atumie zilizopasuka.

Maumivu ya mpira huja kwa vipindi viwili. Saa 1 hadi 3 za kwanza ndizo kali: mwana-kondoo hulala na kuinuka, hupiga teke hewani, hukunja mdomo, hujinyoosha. Wanaoona ametulia kesho yake hudhani yameisha. Lakini pale pete ilipobana panakuwa na kidonda kinachodumu hadi mfuko udondoke, na kidonda hicho kisichopata hewa ndicho makao anayoyapenda mdudu wa pepopunda.

Burdizo, kifaa kilichopewa jina la daktari wa mifugo wa Italia Napoleone Burdizzo, hufanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Taya zake butu husaga mshipa wa mbegu na mishipa ya damu ndani ya ngozi bila ngozi yenyewe kukatika. Korodani hunyimwa damu zikasinyaa. Mfuko hubaki mahali pake, mtupu. Kwa kuwa hakuna jeraha wazi, ndiyo njia inayovumilia msimu wa mvua, matope na nzi kuliko nyingine zote.

Udhaifu wake ni kwamba huoni ulichokifanya. Mshipa wa mbegu unateleza, na mkono usiozoea unaweza kubana ngozi tupu. Kila upande hubanwa peke yake. Sukuma mshipa hadi ukingo wa nje wa shingo ya mfuko, uushike hapo kwa vidole, funga taya na uhesabu angalau sekunde 10, kisha rudia sentimita 1 chini ya pale. Upande wa pili ubanwe kwa kimo tofauti kidogo, na mistari ya pande mbili isikutane katikati. Ule ukanda wa ngozi unaobaki katikati ndio unaopeleka damu kwenye mfuko. Ukiukata, mfuko mzima utaoza, na utakuwa umeyapata madhara ya mpira bila faida zake.

Kwa mwana-kondoo wa siku chache mshipa ni mwembamba mno kuushika kwa uhakika, kwa hiyo mimi nauona ubora wa burdizo kuanzia wiki ya 3 au ya 4 kwenda mbele. Baada ya wiki 6 mshike kila mmoja umpapase: korodani ziwe ndogo na ngumu. Iliyobaki nene na laini imekosewa, na inabidi irudiwe. Katika wiki hizo zote asikae na majike walio tayari kupandwa, kwa sababu mbegu zilizokwisha tengenezwa hazimaliziki siku hiyohiyo.

Ukinunua burdizo, nunua ndogo ya kondoo na mbuzi, usitumie ile kubwa ya ng'ombe kwa mwana-kondoo. Ijaribu kabla ya kulipa: weka uzi katikati ya karatasi mbili, funga taya. Uzi ukatike, karatasi zibaki nzima. Taya zisizokutana sawasawa urefu wote ndizo chanzo cha madume wengi "waliohasiwa" wanaoendelea kuzalisha. Nyumbani ihifadhi ikiwa imeachama kidogo, maana ikikaa imefungwa miezi mingi hupoteza nguvu ya kubana.

Vifaa hivi viwili vinaweza pia kusaidiana. Pete ikishafungwa, burdizo hubanwa mara moja kuvuka shingo yote ya mfuko kando ya pete, kwa sekunde 6 hadi 10. Neva husagwa papo hapo, na majaribio yaliyofanywa kwa wana-kondoo yameonyesha dalili za maumivu zikipungua sana kuliko kwa pete peke yake. Hapa ile sheria ya kuacha ukanda wa ngozi katikati haihusiki, kwa sababu mfuko wote utadondoka. Kwa asiyeweza kupata dawa ya ganzi, hii ndiyo huruma iliyo karibu naye.

Kisu

Kisu kina sifa moja ambayo vifaa vingine havina: korodani unaziona mkononi mwako, hakuna shaka. Theluthi ya chini ya mfuko hukatwa, korodani huvutwa nje moja moja, na kidonda huachwa wazi chini ili uchafu utiririke. Hakuna nyama iliyokufa inayoning'inia kwa wiki kadhaa.

Lakini damu hutoka, nzi huitwa, na uchafu wa zizi una mlango wa kuingilia. Kwa mwana-kondoo mwenye uwazi mpana kwenye kinena, utumbo unaweza kushuka ukatokea kwenye kidonda. Vipimo vya homoni ya msongo katika damu huonyesha pia kwamba kisu bila ganzi huumiza zaidi, na kwa muda mrefu zaidi, kuliko pete. Kwa maoni yangu kisu ni cha daktari wa mifugo au mtu aliyefunzwa, chenye ganzi, siku kavu isiyo na nzi. Nje ya hapo sikipendekezi.

Dawa ya maumivu hubadilisha matokeo

Watu hulinganisha vifaa kana kwamba tofauti zote zimo kwenye chuma na mpira. Ukweli ni kwamba pete yenye ganzi ni jambo jingine kabisa na pete bila ganzi. Lidokeini ikidungwa kwenye shingo ya mfuko au ndani ya korodani, dakika 2 hadi 5 zikapita, saa ile ya kwanza iliyo kali hupita mnyama akiwa ametulia. Ganzi hiyo hudumu saa 1 hivi. Yanayofuata hushikwa na dawa ya kupunguza maumivu na uvimbe kama meloksikamu, ambayo nguvu yake hufika siku nzima au zaidi. Moja huzuia mwanzo, nyingine hubeba baadaye. Bora zitumike zote mbili.

Tahadhari ni kwamba mwana-kondoo ni mdogo na lidokeini ikizidi ni sumu. Kwa wa kilo 4, mililita 1 ya dawa ya asilimia 2 tayari iko karibu na mpaka, tena ikijumlisha mfuko na mkia. Dozi ipangwe na daktari wa mifugo. Nchini Australia kuna kifaa kiitwacho Numnuts kinachofunga pete na kudunga ganzi kwa mkono mmoja, ishara kwamba hata kwenye makundi ya maelfu dawa si anasa isiyowezekana.

Mkia: kwanza ukatwe au la, kisha kiasi gani

Mkia hukatwa kwa sababu moja ya maana: kinyesi kushika kwenye sufu ndefu ya makalio, nzi kutaga hapo, na funza kumla kondoo akiwa hai. Aliyewahi kumwona kondoo katika hali hiyo hawezi kubeza sababu hiyo. Lakini sababu hiyo ni ya kondoo wa sufu ndefu, kama Merino, katika maeneo na misimu yenye nzi wengi. Kondoo wa manyoya kama Dorper, au wenye mkia mfupi wa asili kama Romanov na Finnsheep, hawana sufu ya kushika uchafu kwa kiasi hicho. Kondoo wa mkia wa mafuta ana akiba yake humo, anayoitumia malisho yanapokauka, na kuukata ukishanenepa ni kufungua jeraha kubwa lenye mishipa mingi ya damu. Na mwana-kondoo atakayeuzwa kabla ya msimu wa nzi hahitaji kukatwa hata kama ana sufu.

Kabla ya kukata mkia, tafuta pia chanzo cha uharo. Minyoo iliyotibiwa na makalio yaliyonyolewa mapema huondoa sehemu kubwa ya tatizo.

Ukiamua kukata, urefu una uzito kuliko kifaa. Mkia ubaki wa kutosha kufunika uke wote wa jike, na dume abaki na urefu uleule. Kwa kawaida hiyo ni kwenye kiungo cha tatu ukipapasa upande wa chini ambako hakuna sufu. Wanaokata hadi kwenye shina, mara nyingi ili mnyama apendeze kwenye maonyesho, hukata misuli na neva zinazoshika njia ya haja kubwa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2003 ulikuta utumbo wa nyuma ukitokeza nje kwa asilimia 7.8 ya wana-kondoo waliokatwa mkia mfupi, asilimia 4.0 ya waliokatwa wa wastani, na asilimia 1.8 ya walioachiwa mrefu. Isitoshe, uke usiofunikwa hupigwa na jua moja kwa moja, na kwa majike wanaokaa miaka mingi kundini hatari ya saratani ya ngozi hupanda.

Kwa vifaa, pete ya mpira kwenye mkia hufanya kazi kama kwenye mfuko: iwekwe katikati ya pingili mbili, si juu ya mfupa, na mkia hudondoka baada ya wiki 2 hadi 4. Chuma cha moto hukata na kuunguza kwa pamoja, hivyo damu ni kidogo na hakuna mkia uliokufa unaobaki ukinuka, ingawa kidonda cha moto huchukua muda wake kupona. Kwa kundi kubwa lenye mtu mzoefu, chuma cha moto na ganzi ni chaguo zuri. Kwa wachache, katika wiki ya kwanza, pete inatosha. Kisu kitupu kwenye mkia hutoa damu nyingi bila faida yoyote ya kulipa.

Pepopunda haiangalii kifaa

Pete ina hatari kubwa zaidi, lakini njia yoyote inayoacha kidonda inaweza kuleta pepopunda. Dalili huonekana kwa kawaida kati ya siku 3 na wiki 3: miguu hukakamaa, masikio husimama, taya hufunga, na karibu wote hufa. Mama aliyechanjwa wiki 4 hivi kabla ya kuzaa hupitisha kinga kwenye dang'a. Kama hakuchanjwa, mwana-kondoo apewe dawa ya kukinga sumu ya pepopunda siku hiyohiyo ya kazi. Fanya kazi kwenye majani safi au nyasi kavu mpya, mikono na vifaa vikiwa safi, na uwarudishe kwa mama zao mara moja.

Kwa hali ipi, njia ipi

Madume wanaouzwa kabla ya miezi 5 na zizi la kuwatenga lipo: usihasi. Wana-kondoo wa siku 2 hadi 7, mama wamechanjwa, utabaki nao hadi mwaka: pete, pamoja na lidokeini na meloksikamu, dawa ikikosekana, pete na burdizo kwa pamoja. Wa wiki 4 hadi miezi 3, au kazi imeangukia msimu wa mvua na nzi: burdizo yenye ganzi, na ukaguzi wa wiki ya 6 usirukwe. Mwenye korodani moja tu iliyoshuka usimfunge pete. Mtie alama, mtenge na majike, umuuze mapema kwa nyama, wala usimtumie kuzalisha kwa kuwa kasoro hiyo hurithiwa. Aliyepita miezi 3 mwachie daktari wa mifugo, na kama soko lake liko karibu, mwache aende alivyo.